Kampuni Zinapoungana: Muunganiko Upi Lazima Upelekwe Tume ya Ushindani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya ofisini Posta, na kwenye simu zinazoingia jioni wakati mkataba unasubiri sahihi kesho asubuhi. Wanaouliza ni wenye kampuni, wahasibu, mawakili vijana, na mara nyingine mtoto wa mwenye biashara aliyetumwa na mzee wake "nenda kaulize". Karibu wote huchanganya maswali mawili: je, tunalazimika kupeleka taarifa? Na je, tutaruhusiwa? La kwanza linajibiwa kwa hesabu na kwa kuangalia nani anashika usukani. La pili linahusu ushindani sokoni. Ukiyatenganisha mapema, hofu kubwa inapungua. Kwa shauri lako mwenyewe, kaa na wakili, vitabu vyako vya hesabu vikiwa mezani.

## Mambo ya msingi

Sheria ikisema "muunganiko" ina maana gani? Sisi hatuungani, tunanunua tu.

Kununua nako ni kuungana machoni pa sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Sura ya 285, haisubiri kampuni mbili zichanganye majina. Inatazama kama mtu amepata hisa, biashara au mali, iwe ndani au nje ya Tanzania, na kwa kupata huko udhibiti wa biashara iliyopo Tanzania, au sehemu yake, umehama mikono. Kwa hiyo wanaosema "sisi tumechukua hisa tu" au "tumenunua kiwanda, kampuni tumewaachia" bado wamo. Neno la kushika hapa ni udhibiti, na limepewa sehemu yake hapo chini.

Nani anapokea taarifa na nani anaamua?

Ni Tume ya Ushindani, ile ambayo wengi tunaiita FCC. Asiyeridhika na uamuzi wake anakata rufaa Baraza la Ushindani, FCT, ndani ya siku 28. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inasajili mabadiliko ya wanahisa na majina, lakini cheti cha BRELA si ruhusa ya Tume. Hili nalirudia kila wiki: watu hufika na karatasi za BRELA zimekamilika, wakidhani safari imeisha.

Kwa nini kuwe na kizingiti, yaani kiwango cha ukubwa ambacho mkikifikia lazima mripoti? Si kila muunganiko uchunguzwe tu?

Kila siku jijini mtu anauza duka, gereji, bucha, famasi. Tume ikiletewa yote itazama kwenye makaratasi, na ule muunganiko mmoja unaoweza kupandisha bei ya mfuko wa saruji utapita ukiwa umefunikwa na mafaili ya maduka ya pembeni. Kizingiti ni chekeche. Kinatenganisha ya kutazamwa na ya kuachwa, kabla ya yeyote kusema jambo ni zuri au baya. Na kama chekeche lolote, matundu yakiwa madogo mno yanabakiza kila kitu, yakiwa makubwa mno hata mawe yanapita.

## Hesabu

Kizingiti cha Tanzania ni kiasi gani?

Shilingi bilioni 3.5. Ni jumla ya mauzo ya mwaka, au ya thamani ya mali, ya kampuni zinazohusika zikiwekwa pamoja. Sheria yenyewe haikutaja kiasi. Imeacha kiwango kitangazwe kwa amri kwenye Gazeti la Serikali, ili kiweze kupandishwa bila kurudi bungeni. Hapo awali kilikuwa shilingi milioni 800, na kilipandishwa hadi bilioni 3.5 mwaka 2017. Mpaka leo nakutana na mtu aliyeshika nakala ya zamani yenye milioni 800, amehangaika bure na muunganiko ambao haukuhitaji kuripotiwa. Hakikisha amri unayoisoma ndiyo inayotumika.

Kampuni yangu ni ndogo sana. Kwa nini nihesabiwe?

Kwa sababu mnahesabiwa pamoja. Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo linalouza shilingi milioni 900 kwa mwaka. Anayetaka kulinunua ana ghala Barabara ya Nyerere na anauza bilioni 2.8. Kila mmoja peke yake yuko chini ya kizingiti, na kila mmoja atakuapia kwamba hahusiki. Jumlisha: bilioni 3.7. Taarifa inapaswa kupelekwa.

Mimi naona hili ni gumu kwa wafanyabiashara wa kati. Bilioni 3.5 ikisikika ni fedha nyingi, lakini kwa biashara ya jumla ya nondo, mafuta ya kula au sukari, ambako mzigo ni mkubwa na faida kwa kila kilo ni shilingi chache, inafikiwa haraka. Sisemi kizingiti kipuuzwe. Nasema mwenye biashara ya jumla asijione mdogo mpaka apige hesabu.

Mnatazama mauzo au faida? Mwaka jana tulipata hasara.

Mauzo. Fungua hesabu zako zilizokaguliwa, ukurasa wa mapato na matumizi. Wengi wakiulizwa ukubwa wa kampuni, kidole kinateremka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, kwenye faida, kwa sababu ndio unaowauma au kuwafurahisha. Kizingiti kinatazama mstari wa juu kabisa, kabla hujatoa mishahara, kodi ya pango na riba ya benki. Kampuni yenye hasara ya milioni 40 inaweza kuwa na mauzo ya bilioni 6.

Kisha geuza hadi mizania, ukurasa wa mali na madeni, utazame mali. Kampuni inayouza kidogo lakini inamiliki kiwanja Mikocheni au majengo katikati ya jiji inaweza kuvuka kizingiti kwa upande huo, hata kama biashara yenyewe imesinzia.

Kwa nini wasitumie sehemu ya soko? Si ndiyo inayoonyesha nani ana nguvu?

Hoja hii ni nzuri kuliko zote na inastahili jibu refu.

Ili useme una asilimia fulani ya soko, lazima kwanza ukubali soko ni lipi. Muoka mikate wa Temeke: soko lake ni mkate wa slesi peke yake, au pamoja na maandazi na chapati za asubuhi? Ni Temeke tu, au Dar es Salaam nzima mpaka Kibaha ambako gari lake linafika alfajiri? Ukihesabu mkate wa slesi ndani ya Temeke pekee, ni mfalme. Ukiweka kila kinacholiwa na chai jijini, haonekani. Mjadala huo unaweza kuchukua miezi, ukiwa na wachumi pande zote mbili. Sasa mtu anayetaka tu kujua kama atapeleka fomu au hapana, hawezi kusubiri mjadala huo uishe. Mauzo na mali zimeandikwa, zimekaguliwa, zina sahihi. Mhasibu wako anakujibu kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo sehemu ya soko haijatupwa, imesogezwa mbele. Inaingia kwenye swali la pili, la kuruhusiwa: sheria inakataza muunganiko unaojenga au kuimarisha nafasi ya kulitawala soko. Uingereza kwao wameiweka mlangoni pia. Wana kipimo cha mauzo, na pembeni yake kipimo cha asilimia 25 ya bidhaa au huduma inayotolewa. Lakini kule kupeleka taarifa kwa kawaida ni hiari, kwa hiyo kipimo kisicho na mpaka mkali hakimfungi mtu kama ambavyo kingemfunga hapa kwetu, ambako kutopeleka ni kosa.

Nchi nyingine zinapimaje?

Zinatofautiana kwa viwango kuliko kwa wazo. Umoja wa Ulaya, kwa kipimo chake kikuu, unataka mauzo ya pamoja duniani ya zaidi ya euro bilioni 5, na angalau kampuni mbili ziwe na zaidi ya euro milioni 250 kila moja ndani ya Umoja. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1976, wanaanzia kwenye thamani ya kinachonunuliwa, na kiwango hurekebishwa kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 126.4. Afrika Kusini imegawa miunganiko kuwa midogo, ya kati na mikubwa, na midogo kwa kawaida hairipotiwi.

Angalia tofauti moja muhimu. Ulaya inataka kampuni mbili, kila moja iwe na uzito wake. Kipimo cha jumla peke yake humnasa mkubwa kila anapogusa kidogo chochote, hata kibanda. Natamani siku moja amri yetu iongeze sharti la uzito wa kila upande. Ingewaondoa wengi kwenye foleni na kuipa Tume nafasi ya kuchunguza kwa kina yanayostahili.

Na kampuni changa isiyo na mauzo, lakini inanunuliwa kwa fedha nyingi?

Hapo ndipo mauzo yanaposhindwa kuona. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Mamia ya mamilioni ya watu walikuwa wanaitumia, lakini mapato yake yalikuwa kidogo kiasi kwamba haikufikia kizingiti cha Umoja wa Ulaya. Shauri lilifika Brussels, yalipo makao ya Umoja huo, kwa njia ya pembeni tu, kwa kuwa nchi kadhaa wanachama zilikuwa na uwezo wa kulichunguza kwa sheria zao. Mwaka 2017 Ujerumani na Austria ziliongeza kipimo kipya: bei ya mauziano yenyewe, euro milioni 400 Ujerumani na milioni 200 Austria.

Kwetu swali hili linakuja na programu za mikopo ya simu, usafiri na malipo. Kipimo chetu kinasoma mauzo na mali. Lakini kumbuka mnunuzi naye anahesabiwa, na akiwa mkubwa jumla itavuka tu.

## Udhibiti

Nanunua asilimia 30 tu. Nahusika?

Usihesabu asilimia peke yake. Jiulize: baada ya kununua, nani ataamua bajeti, nani atamteua mkurugenzi mtendaji, nani anaweza kusema "hapana" na jambo likasimama? Mwenye asilimia 30 anayeweza kuzuia mpango wa biashara ameshika usukani pamoja na wengine. Mwenye asilimia 30 anayesubiri gawio mwisho wa mwaka, bila kiti kwenye bodi, ni abiria. Soma makubaliano ya wanahisa kabla ya kusoma daftari la hisa, maana udhibiti hujificha kwenye vifungu vya nyuma.

Nikinunua kidogo kidogo, asilimia 10 kila mwaka?

Inakuja siku moja ambapo kipande kimoja kinageuza mizani, na siku hiyo udhibiti unahama. Taarifa inatakiwa kabla ya kipande hicho. Na ikiwa vipande vyote viliandikwa kwenye mpango mmoja tangu mwanzo, usitegemee mchunguzi atakubali kuvitazama kimoja kimoja.

Nanunua malori na ghala tu, si kampuni.

Inategemea kama malori hayo ni biashara au ni malori. Ukinunua matatu yaliyochoka kwa bei ya mnada, umenunua vyuma. Ukichukua malori yote, madereva, ghala la Chang'ombe na mikataba ya wateja, umechukua biashara ya usafirishaji hata kama jina limebaki kwa muuzaji. Sheria inataja mali waziwazi.

Tunahamisha hisa kutoka kampuni mama kwenda kampuni dada. Je?

Kama anayeshika usukani wa mwisho ni yuleyule kabla na baada, udhibiti haujahama. Andaa mchoro wa umiliki wa kabla na wa baada, na uutunze. Kama kati ya wanahisa yupo mmoja mpya, rudi swali la asilimia 30.

## Muda na utaratibu

Taarifa inapelekwa lini, na tutasubiri muda gani?

Kabla ya kukabidhiana. Mkataba unaweza kutiwa sahihi ukiwa na sharti kwamba hautatekelezwa mpaka Tume iruhusu, na mawakili wengi jijini huandika hivyo. Maombi yakikamilika, Tume ina siku 14 kuamua kama muunganiko unahitaji uchunguzi wa kina. Ikiamua unahitaji, mnazuiwa kuutekeleza kwa siku 90, na zinaweza kuongezwa 30.

Neno "yakikamilika" ndilo linalokula muda wa watu. Hesabu za mwaka jana ambazo hazijakaguliwa, azimio la bodi lisilo na sahihi, orodha ya washindani iliyoandikwa kwa mistari miwili: kila kimoja kinarudisha faili nyuma.

Ada je?

Ipo, na hupanda kwa madaraja kufuatana na mauzo. Iwekeni kwenye bajeti ya muamala tangu mwanzo, na mkubaliane nani atalipa. Nimeona pande mbili zikikubaliana bei ya kampuni nzima kwa siku moja, kisha zikagombania ada wiki mbili.

Tukianza kufanya kazi pamoja wakati tunasubiri, kuna ubaya gani?

Kuna ubaya mkubwa. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kumwona mteja kwenye ghala lake, maombi yakiwa bado Tume. Getini nikamkuta fundi juu ya ngazi, ameshabandua herufi tatu za jina la zamani, nyingine amezirundika kwenye ndoo. Nikaingia ndani. Wauzaji wa kampuni zote mbili walikuwa wamekaa meza moja, katikati yao karatasi ndefu ya majina ya wateja na bei ambayo kila mmoja anapewa. Ubao ulinishtua, ile karatasi ikanitisha. Ubao unaweza kuurudishia herufi zake. Bei za mshindani ukishazijua, huwezi kuzisahau, hata muunganiko ukikataliwa. Fundi alishuka, kikao kikavunjwa, na tukaanza kazi ngumu ya kueleza kilichotokea.

Kutekeleza bila kuripoti ni kosa. Faini kwa mujibu wa Sheria ni kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka. Narudia: ya mauzo, ule mstari wa juu. Kwa biashara ya jumla yenye faida ya asilimia 3, faini hiyo inameza zaidi ya faida ya mwaka mzima. Na wakubwa duniani nao hunaswa: mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliipiga Altice, kampuni ya mawasiliano, faini ya euro milioni 124.5 kwa kuanza kuingilia uendeshaji wa PT Portugal, kampuni iliyokuwa ikiinunua, kabla ya ruhusa.

Benki Kuu imeshatukubalia. Bado tunahitaji Tume?

Ndiyo. Benki Kuu inatazama usalama wa amana na uwezo wa mwanahisa mpya. TCRA inatazama leseni za mawasiliano, TIRA bima, CMSA kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa. Kila mmoja ana swali lake, na hakuna kati yao anayejibu la ushindani kwa niaba ya Tume. Pelekeni maombi sambamba, msisubiri moja liishe.

## Mazingira ya pembeni

Kampuni mbili za Ulaya zinaungana. Tawi letu la Dar halikushirikishwa kabisa. Linatuhusu?

Linaweza. Ndiyo maana tafsiri ya muunganiko imesema "ndani au nje ya Tanzania". Hisa zinaweza kuuzwa London na usukani wa kampuni ya Masaki ukahama bila mtu yeyote wa hapa kushika kalamu. Kwenye mashauri ya aina hii, mkurugenzi wa Dar huwa wa mwisho kujua. Ukisoma habari kwamba kampuni mama inauzwa, waandikie makao makuu siku hiyohiyo uwaulize kama Tanzania ipo kwenye orodha yao ya nchi za kuripoti.

Tuna biashara Kenya na Uganda pia. Tupeleke kila nchi?

Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, ilitangaza kuanza kupokea taarifa za miunganiko Novemba 2025, kwa miamala inayovuka mpaka. Kiwango chake cha kuanzia ni jumla ya dola milioni 35 za mauzo au mali ndani ya Jumuiya. Kama kila kampuni inapata angalau theluthi mbili ya mauzo yake katika nchi ileile moja, shauri linabaki kuwa la nchi hiyo.

Kuhusu COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika: Tanzania ilijitoa mwaka 2000, kwa hiyo mauzo yako ya Dar hayaingii kwenye hesabu zao. Lakini kampuni ya Dar inayonunua biashara Kenya na Zambia inaingia eneo la COMESA, na sheria zao zitaifuata huko.

Tuko chini ya bilioni 3.5. Tumeshapona?

Kwenye wajibu wa kuripoti, ndiyo. Kwenye katazo, hapana. Sheria inakataza muunganiko unaojenga au kuimarisha nguvu ya kulitawala soko, na katazo hilo halisemi "kama ni mkubwa". Vituo viwili vya pekee vya huduma fulani katika wilaya moja vikiungana, vinaweza kuwa vidogo kwa mauzo na vizito kwa wakazi wasio na pa kukimbilia. Ukiona uko hivyo, nenda ukazungumze na Tume kwa hiari yako.

Tumeripoti, tumeruhusiwa. Kuna mtu anaweza kuturudisha nyuma?

Anaweza, na lilishatokea mbele ya macho yetu. Mwaka 2021 Scancem, iliyo chini ya Heidelberg na inayomiliki Twiga Cement ya Wazo Hill, iliomba kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, wenye saruji ya Simba. Taarifa ilipelekwa kama inavyotakiwa. Tume iliruhusu mwaka 2022 kwa masharti. Kampuni ya Chalinze Cement na chama cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba mwaka huohuo Baraza likaufuta uamuzi ule, hoja kubwa ikiwa kwamba Twiga na Simba kwa pamoja wangevuka asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria wakati ule ilikichukua kuwa alama ya utawala wa soko. Mwaka 2023 maombi yalirudi upya yakapita, na baadaye hisa nyingi za Tanga Cement zikaishia kwa Amsons, kundi la hapahapa nchini.

Wengine walisoma habari ile kama ugomvi wa matajiri. Mimi nilikuwa namuwaza mtu anayejenga chumba kimoja Chanika, ananunua mifuko miwili kila mwisho wa mwezi. Hajui kizingiti ni nini, lakini bei anayolipa ndiyo waliyokuwa wakiibishania.

Mimi si mwenye kampuni. Ni mteja, au ni msambazaji wao. Nina nafasi ya kusema?

Unayo. Tume inapochunguza inataka kusikia wanaonunua na wanaoshindana, kwa sababu wenye muunganiko wataeleza upande wao tu. Andika barua. Usiandike "tunapinga". Andika unanunua nini, kutoka kwa nani, bei ilikuwa kiasi gani mwaka jana na mwaka huu, na siku muuzaji wako wa kawaida alipoishiwa mzigo ulikwenda kwa nani. Ambatanisha risiti.